Mabenchi ya Kampala, nayapiga picha kabla hayajaondolewa

Kampala ukitaka kukaa chini bila kununua kitu utatembea sana. Hilo ndo jambo la kwanza kamera imenionyesha tangu nianze kufuatilia mabenchi ya huu mji, na nasema yale ya kawaida kabisa, ya mbao, ya zege, ya chuma, gogo lililolazwa chini ya mwembe, ile kingo ya saruji ya kuzungushia maua ambayo aliyeijenga hakufikiria kama mtu ataikalia lakini ikifika saa saba mchana imejaa watu wa ofisini na chakula chao. Ukiingia mgahawani kiti unakilipia kwa njia ya soda. Ukikaa kwenye veranda ya duka mwenye duka anakuangalia mpaka uondoke. Sensa ya 2014 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5 ndani ya Kampala, na hapo hujaweka wale wanaoingia asubuhi kutoka Mukono, Wakiso na Entebbe halafu jioni wanarudi kwao, sasa hao wote wakichoka wanakaa wapi? Hilo swali ndo linanitoa nyumbani na kamera.

Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, hapa hapa Kampala, ndo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, pale kambini ukikuta Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mnyankole wamekaa pamoja basi lugha yao ni hiyo moja. Na walikuwa wanakaa nje. Mbele ya unipoti, zile nyumba za mabati za mviringo, palikuwa na kibao juu ya matofali au kisiki kilichochongwa juu kikawa laini, hapo mama anachambua mboga ya dodo, hapo baba akitoka zamu anavua buti, hapo jirani anakuja kuomba chumvi na anaondoka baada ya saa nzima. Habari zote za kambi, nani kahamishwa Moroto, nani kapandishwa cheo, mtoto wa nani kafaulu, nilizisikia kwenye vile vibao. Kwa hiyo mimi benchi nalichukulia kwa uzito wake, watu wasipokuwa na pa kukaa hawaongei, wanapitana tu.

Tuanze na katikati ya mji. Wageni wengi wakifika wanapelekwa kwenye Sanamu ya Uhuru, pale chini ya hoteli ya Sheraton, kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962, mtu amezungushiwa vitambaa mwili mzima na amemnyanyua mtoto ambaye mikono yake iko juu. Ni sanamu nzuri sana na inapigwa picha kila siku, kila mtu anainua simu juu. Mimi naangalia chini. Chini kuna wapiga picha wa mtaani wanaosubiri wateja, wamekaa ukingoni, kamera shingoni, begi katikati ya miguu, na hao watu wanajua mambo ya viti kuliko mtu yeyote mjini kwa sababu kukaa na kusubiri ndo nusu ya kazi yao. Mmoja, mzee kidogo, akaniuliza, "Kijana wangu, unapiga zege?" Nikamwambia napiga mahali mnapokaa, mzee. Akafikiria kidogo halafu akanionyesha kwa kidole, asubuhi tunakaa huku, jua likifika utosini tunahamia pale kwenye ule mti, jioni tunazunguka upande wa pili. Akaniambia na ule upande ambao hakai kabisa, kule upepo wa mvua unatokea huko, mvua ikianza unalowa kabla hujafunga begi.

Maneno ya yule mzee yalibadilisha jinsi ninavyopiga. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua linakuwa utosini kwenye saa saba kasoro, na miezi ya Machi na Septemba linakuwa juu ya kichwa chako hasa, kivuli cha mti kinabaki chini ya mti wenyewe kimejikusanya na watu wote wamebanana kwenye shina. Jioni jua likiwa magharibi kivuli kinatoka kinaenda mashariki. Maana yake benchi lililowekwa mashariki ya mti lina watu jioni na asubuhi liko tupu, la magharibi ni kinyume chake, na benchi lililowekwa katikati ya nyasi pasipo na mti wowote, kwa sababu kwenye ramani linapendeza, hilo linakaliwa usiku tu au halikaliwi kabisa. Sasa chukua benchi hilo hilo moja, lipige saa tatu asubuhi, lipige saa saba, lipige saa kumi na moja, usihame mahali uliposimama, halafu ziweke hizo picha pamoja. Utaona vizuri sana nani alifikiria na nani hakufikiria. Kwa picha za namna hii hata huhitaji kuandika maelezo marefu.

Ndo hapo nikaelewa kazi ya William H. Whyte, yule Mmarekani ambaye kuanzia 1970 alikuwa anaweka kamera juu ya majengo ya New York anarekodi watu wanavyokaa kwenye viwanja vya mjini, siku nzima, halafu anahesabu. Matokeo yake makubwa yanaonekana rahisi mno, watu wanakaa pale ambapo kuna pa kukaa, lakini kabla yake watu wa mipango walikuwa wanajenga viwanja vizuri visivyo na pa kukaa na wanashangaa kwa nini viko vitupu. Na kuna kitu kingine alikiona ambacho nakipenda sana, mtu akipewa kiti kisichofungwa chini, kabla ya kukaa anakisogeza kidogo, hata kama ni kidogo tu, hata kama hakuna sababu. Anakifanya chake. Bryant Park huko New York ilipofunguliwa tena 1992 waliweka viti vya kuhamishika, na watu wengi walidhani vitaibiwa vyote, lakini bustani ikajaa watu. Paris nako kwenye bustani ya Luxembourg kuna vile viti vya chuma vya kijani mtu anavibeba anaenda navyo anapotaka, ingawa zamani ilikuwa lazima ulipe kidogo ndo ukikalie.

Huku kwetu kiti cha kuhamishika kipo, ni kile cha plastiki. Angalia mama muuza chai kando ya stendi, ana viti vyake vya plastiki vya rangi rangi, asubuhi vinakuwa mstari mmoja barabarani kwa sababu jua bado, mchana vimesogezwa vimeegemea ukuta, jioni vimetengeneza duara. Usiku vimefungwa mnyororo. Nimepiga ule mnyororo peke yake, umepita kwenye matundu ya migongo ya viti na kufuli limening'inia mwishoni, na kwangu ile ni picha ya benchi la mjini sawa na picha nyingine yoyote.

Lakini nataka kusema kitu kuhusu viti ambavyo vinakaa mahali pamoja miaka mingi kwa sababu hivyo ndo vina alama, na alama ndo zinanivuta. Kuna benchi moja kwenye stendi ya boda, mtaa siutaji kwa sababu vijana wa pale waliniomba nisiwaletee watu, ni benchi la mvule. Unajua mvule, ule mti mgumu ambao mchwa anaukwepa, siku hizi ni ghali na adimu. Ubao wa kukalia ni mmoja, mnene, zamani ulipakwa rangi ya kijani. Sasa angalia rangi imebaki wapi. Pembeni kulia imeisha kabisa, mbao inang'aa kahawia. Pembeni kushoto hivyo hivyo. Katikati kijani bado kipo, kimepauka lakini kipo. Kwa nini? Kwa sababu wa kwanza akija anakaa pembeni, wa pili akija anakaa pembeni nyingine, na mgeni anaona aibu kujiingiza katikati, anabaki amesimama au anakaa juu ya pikipiki. Miaka na miaka ya heshima ya watu wasiojuana imeandikwa kwenye ule ubao na hakuna aliyekusudia kuiandika. Karibu na ncha ya kushoto wamechonga dama, mraba kwa mraba, kwa kisu, na kete ni vizibo vya soda, vya upande mmoja vimegeuzwa juu na vya upande mwingine chini. Misumari miwili vichwa vyake vimekuwa laini kama kifungo cha shati kwa kusuguliwa na suruali. Mguu mmoja ulioza wakaubadilisha kwa mkalitusi, bado una ganda.

Niliipiga ile mbao kwa karibu sana, asubuhi jua likiwa bado chini linapita juu ya ubao kwa ubavu, ndo wakati mikwaruzo inaonekana. Ukija saa sita jua linamwagika kutoka juu na ubao unakuwa bapa, hauoni kitu. Kama una simu tu inatosha kabisa, ila zima flashi, na shuka chini. Hili la kushuka nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Mabenchi mengi kimo chake ni kama sentimita 45 kutoka chini, wewe ukipiga ukiwa umesimama unaliangalia kutoka juu linaonekana dogo, piga goti, lete lenzi ifike usawa wa ubao, hapo utaona kile anachokiona mtu aliyekaa, utaona ukuta, mtaro, magurudumu ya taksi, miguu ya wanaopita. Mimi natumia lenzi ya milimita 35 kwa sababu inaniruhusu kuchukua benchi pamoja na mti wake na njia inayolifikia, zumu ndefu inakata vyote hivyo na benchi linabaki linaelea.

Mvua ni wakati mzuri sana pia, na watu wengi wanafungia kamera ndani. Miezi ya Machi mpaka Mei na ile ya Septemba mpaka Novemba, mvua ikikatika tu nenda bustanini. Benchi la zege lililolowa maji linaonyesha kila shimo, kila mahali palipobonyea, maji yanasimama pale watu wanapokaa zaidi. Na utaona jinsi watu wa Kampala wanavyokaa baada ya mvua. Mtu anatoa kavera, yaani mfuko wa plastiki, mfukoni, analikunjua, analipiga piga, analitandika, anakaa. Akiondoka analikunja tena analirudisha. Wengine wanatandika gazeti, na gazeti linabaki limegandia kwenye ubao, kesho yake ukipita unasoma vichwa vya habari kwenye benchi, herufi zimehamia kwenye rangi. Nimepiga benchi lenye maneno ya gazeti la Bukedde yamejichapa kinyume juu ya ubao mweupe. Hiyo picha naipenda mno.

Halafu kuna kaloli. Huwezi kuzungumzia kukaa nje Kampala bila kuwataja hawa korongo wakubwa wenye upara, wanajenga viota juu ya miti mikubwa ya katikati ya mji na wanaishi humo kama wenye nyumba. Kuna benchi zuri kabisa, lina mgongo, lina mti mkubwa, kivuli mpaka jioni, na mtu hakai, mgeni anajiuliza kuna nini. Angalia chini utaona weupe umemwagika pande zote kama chokaa. Kaloli hata miguu yake mwenyewe anainyea ili apoe, sembuse benchi lako. Kwa hiyo wenyeji wanajua mabenchi ya kaloli na mabenchi ya watu, wanakaa kwenye mizizi ya mti wa tatu kule badala ya benchi lililogharimu pesa. Nimeanza kupiga hayo mabenchi meupe pia, kwa sababu yanaonyesha kwamba aliyeyaweka alikuja mchana mmoja akapima kwa futi akaondoka, hakukaa pale hata siku moja kuona kinachoishi juu. Ukitaka kuweka benchi kaa kwanza mahali hapo.

Kuhusu kuzuiwa. Inatokea. Bustani moja, sitaitaja, askari alikuja mbio, "Wewe, hapa picha hapana." Nikasimama, nikamsalimia vizuri, shikamoo afande, kwa sababu ni mtu mzima na kwa sababu nimelelewa hivyo, nikamwambia napiga benchi tu na hakuna mtu ndani ya picha. Akauliza benchi lina nini. Nikageuza kamera nikamwonyesha kwenye skrini, akaiangalia muda mrefu kidogo, halafu akaanza kunielezea yeye mwenyewe, huu ubao wa pili waliubadilisha juzi, huu wa zamani ulivunjika kuna watu walikuja na keki ya bethidei wakapanda juu, na lile benchi lingine la pale kuna mama mmoja anakuja kila Ijumaa anakaa anasoma kitabu chake cha dini mpaka jua lizame. Hakuniruhusu kuendelea, amri ni amri, na sikumlazimisha. Lakini ameniachia historia ya benchi ambayo haiko kwenye ofisi yoyote. Askari, wafagiaji, wauza karanga, hao ndo wanaojua. Waulizeni.

Na kuhusu watu, sheria yangu ni hii, siweki uso wa mtu aliyelala. Mtu kulala kwenye benchi mchana ina maana amechoka, au hana pa kwenda, au anasubiri basi la usiku la kwenda Arua, na hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayonipa haki ya kumchukua. Napiga viatu vyake vilivyopangwa chini ya benchi, kama viko, na hata hivyo akiamka namwambia. Akisema futa nafuta.

Suala la kulala linaniuma kwa sababu huko duniani watu wameanza kutengeneza mabenchi makusudi ili mtu asilale. London kuna benchi la zege liliagizwa na manispaa ya Camden mwaka 2012, juu lina mteremko na pande zilizokatwa katwa, halilaliki, halitelezeki kwa skateboard, hata kitu cha kuficha huwezi kukiingiza popote, watu wa ubunifu wanalizungumzia mpaka leo. Njia rahisi zaidi ni kuweka chuma katikati ya benchi, unasema ni cha kupumzishia mkono, kumbe ni cha kumkataza mtu kujinyoosha. Nimeanza kuviona na hapa kwetu, kwenye benchi jipya lenye nafasi ya watu watatu lina vyuma viwili. Nimelipiga kutoka mbele, likiwa tupu, na katika picha linaonekana wazi kabisa limegawanywa kama viti vya basi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo ya sokoni anakaaje hapo? Anaweka mtoto wapi? Mimi sikubaliani na hivyo vyuma, na kama kuna mtu anayeagiza mabenchi ya mji anasoma hapa namwomba asiviagize.

Waswahili wa pwani walilitatua hili zamani sana. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu uone zile baraza za mawe zilizojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ndefu, pana, hazina chuma katikati, mwenye nyumba ndo aliyegharamia lakini anayepita njiani anakaa, anacheza bao, anakunywa kahawa, mvua ikijaza uchochoro watu wanapita juu yake kama njia. Kiti ni cha mwenye nyumba na ni cha mtaa, vyote viwili. Hapa Uganda kitu kinachokaribia hicho nimekiona Jinja, kwenye zile nyumba za zamani za Wahindi za Main Street, veranda yenye nguzo mbele ya maduka, fundi cherehani kakaa na mashine yake, mteja kakaa kwenye ngazi anasubiri suruali ikunjwe, mtoto wa shule kakaa ngazi ya chini anakula miwa. Ngazi za Jinja zimelika katikati, tofauti kabisa na lile benchi la boda, kwa sababu kwenye ngazi watu wanapita na kukaa pale pale. Ukienda Jinja usiishie tu kule mtoni kupiga picha ya kibao cha chanzo cha Nile, tembea Main Street saa kumi jioni uangalie ngazi.

Entebbe nako. Bustani ya mimea ilianzishwa 1898, iko ukingoni mwa ziwa, miti mikubwa mpaka unasahau kuna jiji karibu, mbega wanaruka juu, familia zinakuja Jumapili na masufuria. Kiingilio kipo, kwa hiyo si ya bure kama ninavyotaka, lakini ukishaingia unakaa siku nzima na hakuna anayekufukuza, na watu wanakaa kwa namna ambayo Kampala huioni, wanalala chali, wanavua viatu, wanasukana nywele, bibi analetewa kiti chake maalum kutoka kwenye gari. Kilichonishtua Entebbe ni mwaka 2020. Maji ya ziwa yalipanda mpaka Mei mwaka ule yakafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita kidogo tu rekodi ya 1964, na kando ya ziwa ukakuta mabenchi miguu iko ndani ya maji, mengine umebaki mgongo tu unatokeza, na gugumaji limejikusanya pale watu walikuwa wanakaa. Nilipiga nilichoweza kukifikia. Maji yaliporudi baadhi ya yale mabenchi hayakurudi, mbao ziliondoka na zege likabaki limeinama.

Hapo ndo nilipoacha kufanya hii kazi kwa kupenda tu nikaanza kuifanya kwa mpangilio. Kila picha ina tarehe, ina mahali, ina mti gani uko karibu, benchi limetengenezwa kwa nini, lina kivuli saa ngapi. Kwa sababu yanaondoka. Barabara inapanuliwa, benchi linaondoka. Bustani inakodishwa, benchi linageuka meza ya baa. Constitution Square ya Kampala, pale mbele ya mahakama kuu, baada ya maandamano ya 2011 ya kutembea kwenda kazini palikaa chini ya ulinzi wa polisi kwa miaka mingi na nyasi zikawa za kuangalia tu, kuna vijana wenye umri wa kupiga kura ambao hawajawahi kukaa pale. Nairobi wana bahati ya kuwa na kumbukumbu ya Wangari Maathai ambaye mwaka 1989 alisimama karibu peke yake dhidi ya serikali nzima kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, na kule mjini kati bado wana Jeevanjee Gardens ya tangu 1906, ukipita saa ya chakula mabenchi yamejaa, wahubiri wanahubiri, watu wanabishana siasa. Ukiwa na picha za watu wamekaa mahali ni vigumu sana mtu mwingine kuja kusema hapa palikuwa patupu.

Julai 2020 miji kama Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka, Jinja na Fort Portal ilipandishwa kuwa majiji, na kila jiji linataka barabara, taa, minara. Sawa, viwekwe. Nani anahesabu viti? Arua kwa mfano watu wana miembe, chini ya kila mwembe kuna kibao na wazee, hilo ndo bunge lao, ukikata mwembe kupanua barabara umeondoa kivuli na kiti kwa panga moja. Shangazi yangu wa Arua niliposema nataka kuja kupiga vibao vya chini ya miembe alinijibu kwa simu, "Njoo haraka mwanangu, wa kwetu wameuwekea alama nyekundu." Nilienda. Nimeupiga asubuhi, mchana na jioni, na wazee wakiwa wamekaa na wakiwa hawapo, na ile alama nyekundu kwenye shina iko usawa wa bega la mzee aliyekaa.

Sasa hivi natafuta kitu kingine, picha za zamani. Familia nyingi zina albamu yenye picha ya Jumapili bustanini, baba na suti, mama na gomesi, watoto na soksi nyeupe, na wamekaa kwenye benchi. Sisi tunaangalia nyuso. Angalia benchi. Mama yangu anayo moja ya Entebbe, nyuma imeandikwa 1988 kwa kalamu ya bluu, wamekaa kwenye benchi la mbao lenye miguu ya chuma iliyopinda na nyuma yao kuna mti una tawi la chini limelala karibu na ardhi. Niliichukua ile picha nikazunguka bustani nzima nayo mkononi, mti nikaupata kwa sababu ya lile tawi, bado limelala vile vile, benchi halipo. Mfanyakazi mmoja wa pale, mzee wa siku nyingi, akaangalia picha akasema hayo ya miguu ya chuma yalikuwa mengi, yalikuwa yamepangwa yakiangalia ziwa, halafu akanipeleka nyuma ya stoo akanionyesha mguu mmoja, chuma chenyewe, umeegemea ukuta na umeshika kutu, upinde ni ule ule wa kwenye picha ya mama. Nikaupiga pale pale kwenye ukuta. Akaniambia Mbale walikuwa nayo pia, pale karibu na mnara wa saa, kwa hiyo nikimaliza Arua nakwenda Mbale, na mwenye picha ya familia iliyopigwa Mbale kwenye benchi, ya miaka ya sitini mpaka ya tisini, namwomba aitoe kwenye albamu aiangalie miguu ya benchi.